Kaseti ya Muziki wa Kwinini

Mtu aliyewahi kumeza kwinini anajua masikio yanavyofanya siku ya pili. Yanalia. Mtu anakusemesha yupo karibu kabisa, wewe unamsikia kama yuko ndani ya pipa, na neno la mwisho linabaki kichwani linazunguka. Sasa chukua hali hiyo, itie gitaa la umeme, ngoma, na mimi nikiimba, hapo umeipata bendi yetu. Wenyewe tuliuita muziki wa kwinini. Jina lake la kigeni hatukulijua, na hata leo mwanangu akiniambia eti ile ilikuwa roki ya saikedeliki, namwambia aendelee tu na jina lake, mimi langu linanitosha.

Nyumbani kwetu ni Matogoro, pembeni ya mji wa Songea, chini ya milima, mahali ambapo asubuhi ya mwezi wa sita unachungulia nje ukaghairi kunawa. Balaa lote alilianzisha kaka yangu. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zimefunguliwa, mitumba imeingia Songea marobota kwa marobota, na kila kijana anataka koti la jinzi. Kaka akapata lake sokoni. Lilikuwa kubwa, mabega yamemshuka, lakini huwezi kumwambia kitu. Alipofika nyumbani akaingiza mkono mfuko wa ndani, akatoa kaseti. Haina jalada wala maandishi. Alirudi nayo kwa muuzaji, maana tulilelewa hivyo, na muuzaji akamwambia koti ni lake na vilivyomo ni vyake, asimsumbue ana wateja.

Hatukuwahi kujua wale walioimba ni akina nani. Ukibonyeza, kwanza kunakuja ukimya, halafu gitaa linaingia kwa mbali linakoroma, halafu watu wanaimba polepole sana kama hawana haraka ya kwenda popote. Mama alisikiliza kidogo akauliza kama wanaumwa. Kaka yeye alikaa chini hapohapo, koti halijavuliwa, akasikiliza pande zote mbili. Nilimwona siku ile nikajua huyu tumempoteza.

Kuna mahali katika wimbo wa pili sauti zote zinapinda, zinazama, kisha zinaibuka upya. Kaka alihangaika siku nyingi akivuta nyuzi na kuziachia mpaka akakupata kule kupinda. Tukaweka kupinda huko katika kila wimbo wetu. Miaka mingi baadaye fundi redio mmoja akatucheka mpaka akakaa chini: pale kanda ilikuwa imetafunwa na redio ya mtu, huko ilikotoka. Jamani, sisi tulikuwa tumejifunza ubovu wa kanda kwa bidii kama watu wanaojiandaa na mtihani.

Vyombo tulivipata kwa sababu mambo ya zamani yalikuwa yanakufa. Chama kimoja cha wakulima kilikuwa na bendi, chama kikadorora, bendi ikadorora nayo, na magitaa yakabaki stoo yanaliwa na panya. Mtunza stoo akamwachia kaka gitaa moja, besi moja na amplifaya yenye spika iliyochanika. Tuliiziba kwa gundi na karatasi ya mfuko wa saruji. Ikawa inakoroma vilevile kama ya kwenye kaseti, na kaka akatukataza kuitengeneza zaidi ya pale.

Tulikuwa wanne. Kaka kwenye gitaa. Kwenye besi kijana mmoja aliyetoka seminari kabla ya wakati wake, mpole, ambaye hakuwahi kugusa uzi kabla hajapiga ishara ya msalaba. Kwenye ngoma alikuwa Mnyasa mmoja, fundi gereji, aliyekuja Songea kutoka ziwani na kibuyu chake cha kuchezea mganda, ngoma ya kwao. Kibuyu hicho kina tundu lililozibwa kwa utando wa buibui. Ukiimba ndani yake sauti inatoka inanguruma kama nyuki kwenye mzinga. Nilikiogopa kwanza. Baadaye tukagundua kibuyu kikisimama pembeni ya ile spika mbovu, huwezi kujua ni kipi kinalia. Wa nne mimi, mwimbaji, na kwa unyenyekevu wote niseme nilikuwa naimba.

Kuimba nilifundishwa na baba. Baba alikuwa mwalimu wa kwaya ya kigango chetu, mtu mrefu, mkimya, asiyepiga mtoto wala mbuzi. Ukali wake wote ulikuwa kwenye masikio. Ukikosea sauti hakukuambia kitu, alikuangalia tu, na wewe mwenyewe ukatamani ardhi ipasuke. Alimpenda kaka mno. Nalisema hili kwa sababu wakati ule mtu angeweza kudhani vingine.

Kaka alikuwa amemaliza kidato cha nne, na kazi hakuna. Serikali yenyewe ilikuwa inapunguza watu. Wakati huohuo Tunduru kulikuwa kumechachamaa kwa vito. Vijana wa mtaa mzima walikuwa wameondoka kwenda kuchimba, na baba yetu mdogo alikuwa huko na shimo lake. Kila aliyerudi alirudi na saa mkononi na habari za kutisha. Fulani shimo limemfukia. Fulani hajulikani alipo. Mama akisikia neno Tunduru alikuwa anasimama na kwenda kutafuta kazi ya kufanya nje.

Siku moja tunakula, ugali na likolo la majani ya maboga, baba akanawa mikono mapema akasema na kaka mbele yetu.

"Mwanangu, umri unakwenda. Nimekaa nikafikiri. Nakupa mpaka mvua ziishe. Hicho mnachokipiga, kirekodini chote, mniletee nikae nikisikilize. Nikisikia muziki, sitakugusa tena, utakula hapa na utapiga gitaa lako. Nikisikia kelele, unakwenda Tunduru kwa baba yako mdogo."

"Sawa, Baba," kaka akasema.

"Umekubali?"

"Nimekubali."

Usiku ule nilimsikia mama akisali zaidi ya kawaida, na mimi nilijua kaseti yetu ya kwanza inapimwa kwa kitu kingine kabisa. Tukiharibu, kaka anaingia shimoni.

Tulifanya mazoezi mpaka vidole vya mseminari vikatoa malengelenge. Tukachagua nyimbo sita. Tukapata ghala tupu la mahindi, lenye kuta ndefu na bati juu, ambalo ukikohoa linakujibu. Mnyasa akaazima betri ya gari kule gereji kwa ajili ya amplifaya. Na chombo cha kurekodia kilikuwa redio ya baba mwenyewe, ile kubwa yenye kaseti, ambayo alitukabidhi kwa mikono miwili huku akituangalia mmoja mmoja.

Sasa ngoja niseme habari ya betri, maana mwenye umeme wa kubonyeza ukutani hawezi kuelewa. Betri za redio hazikuwa kitu cha kutupa. Zikilegea, unazitoa unazianika juani juu ya bati, jioni unazirudisha, redio inasema tena. Zikigoma kabisa, unazing'ata kidogo pembeni, zinapata nguvu ya habari moja. Betri za redio yetu zilikuwa na alama za meno za familia nzima. Na kwa kuwa yalikuwa masika na jua halionekani, mimi nilikuwa nazianika jikoni pembeni ya mafiga, nazigeuza kama mahindi ya kuchoma.

Ndizo tulizorekodia. Jumamosi, mvua imepumzika kidogo, tukaweka redio juu ya gunia katikati ya ghala, nikabonyeza, tukaanza. Sijawahi kuimba vile tena maishani. Wimbo wa mwisho sina maneno, ni sauti tu, na gitaa la kaka linapanda juu yangu, linashuka, linanisubiri. Tulipomaliza mseminari alikuwa analia na hajui kwa nini. Tukarudisha kanda nyuma kwa kuizungusha na kalamu, kuokoa betri, tukasikiliza. Ilikuwa nzuri. Tulikumbatiana kama watu waliofaulu.

Jumapili baada ya misa, baba akaja na wazee watatu wa kwaya. Mama akapika chai ya maziwa. Viti vikapangwa. Kaka amevaa koti lake, amechana nywele, mikono anaificha. Na baba, mtu yule asiyesema, akatoa mfukoni betri mpya kabisa, bado zinang'aa, alizozinunua mjini kwa siri. Akazitia kwenye redio taratibu, moja moja. Alitaka mwanawe asikike vizuri mbele ya wenzake. Hata leo naikumbuka sura yake alipokuwa akifunga kile kifuniko.

Akabonyeza.

Wimbo wa kwanza ukaja mbiombio, kama kwaya inayokimbizwa na mvua. Nikamtazama kaka, kaka akanitazama. Wa pili ukaja kwa kasi zaidi. Betri zetu zilikuwa zinakata roho wakati tunarekodi, kanda ikawa inatembea polepole, na kadiri zilivyochoka ndivyo kanda ilivyozidi kujivuta. Sasa betri nzima zilikuwa zinaipeleka mchakamchaka. Ilipofika wimbo wa nne mimi nilikuwa kifaranga. Wa sita tulikuwa banda zima la vifaranga, na gitaa la kaka linalia kama mbu.

Mzee mmoja akaweka kikombe chini ili asimwage chai kwa kucheka.

"Baba," kaka akasema, "tatizo ni betri. Betri zako ni nzima mno."

"Nzima mno," baba akarudia.

"Ndiyo, Baba. Zile za zamani ndizo…"

"Kwa hiyo nimekununulia betri mpya, na kosa ni la betri zangu."

Wazee wakacheka zaidi. Nami nikaingilia, nikasema ni kweli, tuzirudishe zile za zamani, tutawaonyesha. Zile za zamani? Baba alikuwa amempa mtoto wa jirani alfajiri ile, akazipasue apake ubao wa darasa kwa ule unga mweusi wa ndani. Nilitaka kupiga kelele. Ukisema ukweli unaonekana mjinga, ukinyamaza unaonekana mwongo.

Baba akazima redio. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. Alikuwa ameaibika. Akasema, wote wakisikia, "Nilisubiri muziki. Wazee hawa ni mashahidi, hapa hakuna muziki. Tafuta gari la Tunduru."

Nilimfuata kaka nyuma ya nyumba nikamwambia tuazime betri zilizochoka kwa jirani, tumrudie baba jioni akiwa peke yake. Akakataa.

"Ameshasema mbele ya watu," akaniambia. "Unadhani atayarudisha maneno yake jikoni? Na mimi nimechekwa mbele ya watu. Sitaki kuhurumiwa nyuma ya mlango."

Hao ndio watu wa nyumbani kwetu. Kilichofanyika hadharani hakifutiki chumbani. Kaka alimrithi baba kwa urefu, kwa masikio, na kwa kichwa kigumu, na mimi nilikuwa nimekwama katikati ya miti miwili. Akaondoka na lori la mizigo, koti begani, gitaa ameliacha limelala kitandani kwake. Mama alilifunika shuka.

Nyumba ikanyamaza. Baba alisikiliza habari zake, matangazo ya vifo, na misa ya Jumapili. Wakati wa vifo mama alikuwa anaacha anachofanya, anasikiliza kila jina la kila mkoa mpaka mwisho, ndipo anavuta pumzi. Barua haikuja. Baba mdogo alituma salamu kwa mtu mmoja kwamba kijana anaingia shimoni kama wenzake, hana neno.

Mama ndiye aliyeanza kuicheza ile kaseti. Mchana, baba akiwa shambani, anachambua maharage barazani na vifaranga vinaimba pembeni yake. Nikamwambia, "Mama, hiyo si sauti yake." Akaniambia, "Najua. Lakini yumo humo." Basi nikakaa nikachambua naye.

Na betri, kama kila kitu, zikaanza kuzeeka. Siku hadi siku nyimbo zikapunguza mwendo. Mimi sikuona, mtu hamwoni mtoto anavyokua akiwa naye kila siku. Mama akaona. Mchana mmoja akanyanyua kichwa, ungo mapajani, akasema, "Njoo usikie. Leo mwanangu amebalehe." Nikaja. Kweli, katika wimbo wa tatu kaka alikuwa ananiitikia kwa sauti yake mwenyewe, nzito, na ghala linamjibu. Tulishikana mikono tukalia kama wajinga.

Kuanzia hapo tukawa tunasubiri, kila siku wimbo mmoja zaidi unarudi mahali pake. Siku ulipofika wimbo wa mwisho, baba alirudi shambani mapema. Hatukumsikia. Nilipogeuka alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba, jembe begani, tope hadi magotini. Nikanyoosha mkono nizime.

"Acha," akasema.

Akasikiliza mpaka ikaisha.

"Kinachopanda juu ya sauti yako, ni gitaa au kile kibuyu cha Mnyasa?"

"Ni gitaa, Baba."

"Gitaa." Akalishusha jembe. "Irudishe."

Nikatafuta kalamu, nikazungusha kanda, yeye amesimama ananisubiri wala hakukaa. Akausikiliza tena wimbo wote. Mama alikuwa ameshika ungo, maharage yanamwagika, wala haokoti.

"Alisema kweli kuhusu betri," baba akasema.

"Na mimi nilisema," nikamjibu, maana nilikuwa na hasira nilizozihifadhi muda mrefu.

"Na wewe ulisema." Kisha akauliza gari la Tunduru linaondoka siku gani, na akasema twende wote wawili.

Ile barabara ya Tunduru ya miaka ile sitaieleza, aliyeipita anaijua na ambaye hakuipita hataniamini. Tulifika vumbi hadi kwenye kope. Baba mdogo akatupeleka machimboni, nje ya mji, kwenye bonde la mto lililochimbuliwa kila mahali kama shamba lililoingiliwa na nguruwe. Vijana wamejaa, wengine wanatoka mashimoni, wengine wanachekecha mchanga. Nilimtafuta kaka nisimwone, kumbe nilikuwa namtazama. Amekonda, mwekundu kwa udongo mpaka nywele. Vidole vyake vilikuwa vimepasuka, kucha moja haipo.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu." Baba akaviangalia vile vidole. Akaviangalia muda mrefu. "Twende pembeni tuongee."

Kaka akashika sepetu yake vizuri. Hakuwa na ukorofi, alikuwa amechoka tu. "Tuongee hapahapa, Baba. Nyumbani hatukuongea pembeni."

Wenzake waliokuwa karibu wakaacha kuchekecha. Wengine wakapanda juu wakakaa ukingoni, miguu inaning'inia, maana huko burudani ni chache. Nilimtazama baba. Nilijua alikuwa amepanga maneno njia nzima, na nilijua hayatoki. Mzee wa kwetu hawezi kumwambia mwanawe nisamehe mbele ya watu. Hata neno lenyewe lingemkaa mdomoni vibaya. Nikasema moyoni, hapa kaka habanduki, tutarudi wawili, na mama nitamwambia nini.

Baba akavua kofia. Akakohoa kusafisha koo, kama afanyavyo kabla ya misa. Halafu, mwalimu wa kwaya wa kigango chetu, mtu aliyekuwa anatukataza hata kupiga mluzi uani, akafungua mdomo akaimba gitaa.

Aliliimba gitaa la wimbo wa mwisho. Lile lenyewe, tangu linapoingia kwa mbali linakoroma, akilikoromesha kooni. Wachimbaji wakaangua kicheko. Mmoja akauliza mzee kapatwa na nini. Baba hakusimama. Akaipandisha sauti pale linapopanda, mishipa ya shingo imemtoka, macho kayafumba, akaipinda pale tulipojifunza kuipinda, na vumbi likamfanya akohoe, akakohoa, akaendelea. Vicheko vikaanza kupungua. Nilikuwa nalia na sikujificha. Alikuwa amelishika lote, kila mahali, kwa masikio yale yale yaliyotutesa utoto mzima, isipokuwa karibu na mwisho.

Kaka alikuwa ameinamisha kichwa muda wote. Hapo akakiinua.

"Hapo siyo hivyo, Baba," akasema.

Baba akafumbua macho. "Sivyo?"

"Hapo linashuka kwanza, ndipo linapanda."

"Linashuka hadi wapi?"

Kaka akaiweka sepetu chini, akatoka kati ya wenzake, akaja akasimama mbele yake, akamwimbia pale mahali. Baba akarudia, akakosea tena, wakaanza upya wote wawili.